Kusomea kilimo chuo kikuu ukitokea Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wazazi na vijana wa Mombasa, Likoni hadi Mtwapa, Changamwe hadi Bamburi, na mengi huja matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka. Majibu ni ya mtu aliyesomea kilimo, anayeishi Kisauni, na asiye na chuo anachokipigia debe.

Sisi ni watu wa mjini, shamba hatuna hata la kufungia mbuzi. Mtoto akisomea kilimo atalima wapi?

Huenda asilime kamwe, na shahada yake isipotee bure. Swali hili huja na picha ya jembe na matuta, picha tuliyoipata shuleni ambako kutumwa shambani ilikuwa adhabu ya waliochelewa. (Mwalimu aliyetuadhibu kwa jembe alikiharibia kilimo jina kuliko ukame.) Chuo kikuu hakifundishi kulima. Mzee wa Shimba Hills anajua kulima kuliko mhitimu yeyote. Kinachofundishwa ni sababu: kwa nini mnazi umenyauka kileleni, kwa nini ng'ombe amepunguza maziwa, kwa nini ghala hili linaozesha mahindi na lile la jirani halina tatizo, kwa nini embe zikijaa sokoni mkulima hulia badala ya kucheka. Ardhi mtu hukodi. Aliyesoma huhitajika na wenye ardhi, wenye maghala, wenye meli na wenye viwanda, na Mombasa hao wote wapo.

Haya, tutajie kazi zenyewe. Za hapa Mombasa, si za Nakuru.

Tuanze na chai, maana watu hupita mbele ya milango yake kila siku bila kuijua. Mnada wa chai ulihamishiwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine huuzwa hapa kila wiki. Siku hizi kununua kunafanyika kwenye kompyuta, lakini kuonja bado ni kwa ulimi. Vikombe hupangwa safu ndefu mezani, kila kimoja na majani makavu upande mmoja na yaliyochujwa upande wa pili. Mwonjaji huivuta chai kwenye kijiko kwa kishindo ambacho nyumbani kingemletea kofi, huizungusha mdomoni, huitema, husogea kikombe kinachofuata. Madaraja kama BP1 na PF1 hutambulika kwa macho, kwa ukubwa wa punje. Kazi ngumu ni kujua kwa ulimi kwamba majani haya yalichachishwa kupita kiasi, au yale yalichelewa kukaushwa. Shahada ya kilimo si sharti huko, kwani makampuni mengi hujifundishia watu wao. Ila aliyesoma anajua kiwandani na shambani palitokea nini kabla ya kile kikombe, na mnunuzi akiuliza hamung'unyi maneno.

Halafu kuna bandari. Mbegu, vipando, nafaka na matunda hayaingii nchini wala kutoka bila ukaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea. Hata zile mbao za kupakilia mizigo zina sheria yake: zikitibiwa kwa joto, sharti kiini cha ubao kifike nyuzi 56 na kikae hapo dakika 30, ili wadudu walio ndani wafe. Mkaguzi anayekata ubao na kutambua kama ule unga ni wa kipekecha au ni wa msumeno alijifunza hayo kwenye somo la elimu ya wadudu. Makampuni ya kufukiza dawa, ya kupima ubora wa shehena na ya kuhifadhi nafaka yanahitaji watu wa aina hiyo hiyo. Mahindi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani aflatoksini, isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kwa joto na fukuto letu la Pwani, gunia lililoingia kavu halibaki kavu lenyewe. Na jambo hili si la makaratasi tu: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 kule Makueni, Kitui na maeneo jirani.

Nje kidogo ya mji kuna KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti kinachoshughulikia mazao ya Pwani: minazi, mikorosho, mihogo, miembe. Mkomani kuna KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoanzishwa 1979, kwa wale wanaoelekea samaki, kaa na mwani. Kaunti nazo huajiri maafisa wa ugani, kwa sababu katiba ya 2010 iliishusha kazi hiyo kutoka serikali kuu hadi kwao. Ongeza hoteli zinazonunua mboga kwa mikataba, maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, benki zinazokopesha wakulima, na mashirika yasiyo ya serikali.

Miaka minne wanasoma nini hasa?

Mwaka wa kwanza huvunja moyo: kemia, botania, zuolojia, hesabu, kompyuta. Kijana hupiga simu nyumbani kusema hajaona hata mche. Avumilie. Mwaka wa pili huja udongo, vinasaba, hali ya hewa, lishe ya mifugo. Wa tatu ni magonjwa ya mimea, wadudu, umwagiliaji, uchumi wa kilimo, na mafunzo ya kazini, ambayo wenyewe huyaita atachimenti. Wa nne ni utafiti wake mwenyewe. Mpangilio hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mwendo ni huo.

Chukua muhogo, zao tulilolizoea mpaka hatulioni. Una magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato huonekana mapema: jani limejikunja, lina mabaka ya njano na kijani. Michirizi ya kahawia ni mnafiki. Shamba linaweza kupendeza hadi siku ya kuchimba, halafu ukipasua muhogo unakuta uozo mkavu wa kahawia ndani na nusu ya mavuno huwezi kumlisha hata mbuzi. Yote mawili huenezwa na nzi weupe, na yote mawili husafiri ndani ya pingili tunazogawiana na jirani kwa moyo mweupe kabisa. Mwanafunzi akifika mwaka wa tatu anajua kuitafuta michirizi hiyo kwenye majani ya chini ya mmea ambayo hakuna anayeyaangalia. Anajua kwa nini kupulizia dawa hakuponyi kirusi. Anajua pia kwamba mbegu safi na kung'oa miche iliyougua ndiyo tiba karibu yote. Hilo ni somo moja, la zao moja.

Kinachowatoa jasho si magonjwa, ni takwimu. Utawaona wakigawanya shamba kwenye vitalu, kila mbegu ikirudiwa mara kadhaa, wakilalamika kwamba wanalima hesabu. Lakini hapo ndipo mtu hujifunza kutodanganywa. Mwuza mbolea akikuonyesha picha ya mmea mmoja wa mahindi ulionenepa, utamwuliza: na ule wa pembeni bila mbolea uko wapi?

Mambo haya yote yako YouTube. Kwa nini apoteze miaka minne na karo?

Video nyingi ni nzuri, nami huzitazama. Shida ni kwamba anayekufundisha yuko Nyandarua na wewe uko Bamburi.

Mfano huu nauona sana Kisauni na Nyali. Mama ana mchicha na nyanya uani, majani yamegeuka njano. Video inasema njano ni njaa ya naitrojeni, weka urea. Anaweka, njano inazidi. Angeinama akaangalia, angeona kwamba majani machanga ya juu ndiyo yaliyokuwa njano, tena mishipa ya jani imebaki kijani. Naitrojeni ikipungua huanza na majani ya zamani, ya chini. Hii ya juu ni upungufu wa chuma. Na chuma kimo udongoni tele, ila sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, udongo una chokaa nyingi, na chokaa hukifunga chuma kisinyonywe na mizizi. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri kwa wingi, au chuma maalumu cha kupulizia kwenye majani, au kuhamia mimea inayovumilia. Urea ni pesa iliyomwagwa. Na kama maji ni ya kisima cha chumvi, kingo za majani zitaungua pia, na hapo una matatizo mawili yanayofanana sura. Maharagwe hufa mapema kwa chumvi. Spinachi huvumilia, mnazi hata haujali.

Anayefahamu mzizi wa jambo hulibeba popote. Aliyekariri video hubeba jibu la mahali pengine.

Anahitaji angalau alama gani?

Shahada ni C+ na kuendelea kwa KCSE, diploma ni C-. Masomo yanayoangaliwa zaidi ni biolojia na kemia, kisha hesabu au fizikia, na kilimo au jografia, kutegemea kozi. Kila chuo huweka alama zake kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Someni hapo, msitegemee jamaa wa sebuleni. KCSE itafanywa mara ya mwisho 2027. Wanaofuata mtaala mpya njia yao ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, katika sekondari ya juu, na somo la kilimo limewekwa humo.

Aende chuo kipi?

Karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kama kilomita 60 kwa barabara ya Malindi. Kilianza kama Taasisi ya Kilimo ya Kilifi, kwa hiyo kilimo pale si kozi iliyopachikwa juzi. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili ilipatikana 2013. Faida yake kubwa ni kwamba mazao ya mazoezi ni ya kwetu, na udongo na mvua ni vya kwetu.

Egerton, Njoro, ndiyo kongwe: ilianza 1939 kama shule ya mafunzo ya ukulima. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi ya Upper Kabete, na huko ndiko wengi huenda kwa udaktari wa mifugo. JKUAT, Juja, ni maarufu kwa kilimo cha bustani na uhandisi wake. Ng'ambo ya mpaka kuna Sokoine, Morogoro, ambako mtoto wa Mombasa hatapata taabu ya lugha nje ya darasa.

Nionavyo mimi, anayetaka kufanya kazi Pwani aanze na Kilifi, na anayetaka maua, chai au maziwa aende bara. Anayekwenda Njoro anunuliwe sweta mbili kabla ya kitabu. Baridi ya kule haina mzaha kwa mtu aliyezoea kulala na feni.

Kozi ni moja tu ya "kilimo"?

La. Kuna kilimo cha jumla, kilimo cha bustani, sayansi ya mifugo, uchumi wa kilimo, kilimo-biashara, elimu ya udongo, sayansi ya chakula, uhandisi wa kilimo, ugani, na ufugaji wa samaki. Udaktari wa mifugo ni njia ya peke yake: miaka mitano, na lazima usajiliwe na bodi kabla ya kutibu mnyama wa mtu. Kwa kijana wa mjini asiye na uhakika, kilimo-biashara na sayansi ya chakula ndizo zinazofungua milango mingi hapa Mombasa. Aliye na jicho la kuchunguza achukue magonjwa ya mimea au wadudu. Ndio wachache, na ndio wanaotafutwa.

Karo tutaitoa wapi?

Akipelekwa na KUCCPS kwenye chuo cha umma, aombe ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa wakati. Mkopo hurejeshwa, mwambieni mapema, asidhani ni sadaka. Basari za kaunti na za eneo bunge zina foleni na fomu, na zinahitaji barua ya chifu. Jambo ambalo wazazi husahau kwenye hesabu ni gharama za nyanjani: magwanda, buti, nauli ya atachimenti, wakati mwingine chumba cha kukodi miezi kadhaa mahali pasipo na ndugu. Wekeni akiba ya hiyo kando.

Sisi ni Waislamu. Tumesikia wanasoma nguruwe.

Ni kweli, nguruwe yumo kwenye masomo ya mifugo pamoja na kuku, mbuzi, ng'ombe na sungura. Kumsoma si kumla. Wanafunzi wengi Waislamu hupita somo hilo bila tatizo. Kwa mazoezi ya kugusa, azungumze na mhadhiri mapema kwa adabu, avae glavu na magwanda, ajitwaharishe baadaye. Asiyetaka kabisa achague mimea, udongo, samaki au uchumi wa kilimo. Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao wazazi wetu hawaufikirii: nyama ya mbuzi na kondoo ya Kenya huuzwa nchi za Ghuba, na wanunuzi wa huko wanataka halali na afya vyote viwili. Kijana anayejua kuchinja kisheria na pia anajua kwa nini maini haya yametupwa kwa sababu ya minyoo ana nafasi ambayo wengine hawana.

Binti ataweza?

Ataweza. Darasani wamejaa. Swali la maana ni malazi salama wakati wa atachimenti, hilo mlifuatilie wenyewe kabla hajaondoka.

Tuambie ukweli: wahitimu wangapi wanakaa nyumbani?

Wapo, na si wachache. Kaunti huajiri kwa vipindi, na mtu akingoja barua ya serikali anaweza kungoja hadi mvi. Wengi huanzia kuuza pembejeo: pikipiki, mkoba wa sampuli, shabaha ya mauzo kila mwezi. Kazi hiyo hudharauliwa, mimi siidharau. Ukizunguka Kwale na Kilifi mwaka mzima unajua kila mkulima, kila mdudu na kila duka, na kampuni ikikuacha wewe bado una wateja. Wengine huungana wawili watatu, wakakodi ekari Matuga au Vipingo, wakawalimia watu wa mjini kwa mkataba. Wengine huotesha miche. Miche bora ya minazi mifupi na miembe iliyopandikizwa ina soko mwaka mzima, na anayeotesha lazima ajue kupandikiza na kuikinga miche yake na magonjwa.

Wanaokwama sana ni wale waliopita miaka minne bila kushika kitu. Cheti wanacho, lakini mpe mkasi wa kupogolea uone.

Diploma haitoshi?

Kwa kazi ya shambani na dukani mara nyingi inatosha, na mhitimu wa diploma huwa na mikono myepesi kuliko wa shahada. Shahada huhitajika kwa utafiti, ukaguzi wa ngazi ya juu, ualimu wa chuo na nyadhifa za usimamizi. Aliyepata C- asijione ameanguka: asome diploma, afanye kazi, kisha ajiunge na shahada akiwa anajua anachokitafuta.

Mimi nina miaka hamsini, ekari tatu Shimba Hills, nakaribia kustaafu. Nijiunge chuo?

Hapana. Pensheni yako iache. Nenda KALRO Mtwapa au kwa afisa wa kilimo wa wadi, hudhuria siku za wakulima, peleka udongo wako ukapimwe. Ukihitaji utaalamu zaidi, mwajiri mhitimu. Wametajwa hapo juu, wanatafuta kazi.

Atachimenti aombe wapi?

Aanze mapema, barua mkononi, wala asitegemee mjomba peke yake. KALRO Mtwapa na KMFRI hupata maombi mengi. Ofisi za kilimo za kaunti hupokea, ila aende mwenyewe kuuliza kama afisa ana usafiri wa kufika mashambani. Bila hivyo atakaa miezi akijaza daftari la wageni. Haller Park, Bamburi, ni mahali pa kutembelea hata kama si pa atachimenti. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti kwenye shimo la machimbo ya saruji, mahali pasipo hata udongo. Alijaribu aina 26 na nyingi zikafa. Mvinje ulisimama kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyotwaa naitrojeni hewani, lakini majani yake makavu yalijirundika chini bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Sisi tulipelekwa pale na shule kutazama viboko, na hakuna aliyetuambia kwamba tunakanyaga jaribio la kilimo.

Nani asisomee kilimo?

Anayechukia kemia kwa dhati. Anayetaka mshahara wa kila mwezi kuanzia wiki ya kuhitimu. Na yule aliyeichagua kwa sababu alama hazikutosha udaktari na mama amesema "angalau ni sayansi": huyo mkae naye chini kwanza.

Tutajuaje kama ataipenda, kabla hatujajaza fomu?

Mpelekeni mahali, msimpe hotuba. Maonyesho ya kilimo ya Mkomani ni mazuri, ila aache bembea na muziki, aende kwenye vibanda vya mbegu na mifugo asubuhi watu wakiwa wachache, maafisa wana muda wa kujibu. Siku nyingine aende soko la Kongowea alfajiri malori yanapofunguliwa. Aangalie nyanya zilizopakiwa kwenye masanduku ya mbao na zilizopakiwa kwenye kreti za plastiki, ahesabu zilizopasuka. Aulize viazi vimetoka wapi, embe zenye vitundu vidogo zinauzwa bei gani na kwa nini. Vile vitundu ni vya nzi wa matunda. Aina moja hatari kutoka Asia iligunduliwa Afrika mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 2003, na miaka iliyofuata ikatufungia soko la embe Ulaya. Mama wa kibandani atamwambia zile ni za "funza" na atampunguzia bei. Kijana anayeanza kuuliza funza ameingiaje bila ganda kupasuka, huyo mjazieni fomu.

Avae viatu vya kufunika. Kongowea mvua ikinyesha, matope hufika vifundoni.